Sigma 12.9 na bado hatujaamini: jinsi madai ya kuiona maada ya giza yanavyopimwa

Swali: "Nimesoma kwamba kundi moja la wanasayansi nchini Italia limekuwa likisema kwa zaidi ya miaka ishirini kuwa limeiona maada ya giza, na kwamba uhakika wao umefika sigma 12.9. Nilivyoelewa, sigma 5 zinatosha kutangaza ugunduzi. Mbona basi hawajakubaliwa? Wenzao wana wivu, au kuna kosa? Na kama vigunduzi vya zenoni ni nyeti zaidi, kwa nini visimalize ubishi mara moja?"

Jibu:

Nianze na hiyo sigma, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Sigma hujibu swali moja tu, tena dogo: kama hapo hakuna kitu chochote cha kweli, je, bahati tupu ingeweza kuzaa takwimu kama hizi? Sigma 5 maana yake bahati ingefanya hivyo mara moja katika majaribio yapatayo milioni tatu na nusu. Ukifika sigma 12.9 hakuna tena haja ya kuitaja bahati. Kwa hiyo tukubaliane mapema: kile kinachoonekana katika data za jaribio la DAMA, ndilo la kundi hilo la Italia, kipo kweli. Ubishi wote unahusu swali ambalo sigma haiwezi hata kuligusa, nalo ni hili: hicho kinachopanda na kushuka mle ndani ni nini?

Maana walichokiona ni kupanda na kushuka. Hawajapata kuonyesha chembe moja wakasema ndiyo hii. Ili uelewe, kumbuka kwanza kwa nini tunaamini maada ya giza ipo. Nyota zilizo pembezoni mwa galaksi huzunguka kwa kasi kubwa mno kuliko inavyowezekana kama galaksi ingekuwa na maada tunayoiona tu. Mwanga wa kale wa ulimwengu nao unatuambia kwamba karibu asilimia 27 ya yote yaliyomo ni kitu hiki kisichong'aa, wakati maada ya kawaida, yaani nyota, gesi, sayari na sisi wenyewe, haizidi asilimia 5 hivi. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, imezama ndani ya wingu kubwa la kitu hicho. Jua linapita katika wingu hilo kwa mwendo wa takriban kilomita 220 hadi 230 kwa sekunde, na sisi tumo safarini pamoja nalo. Kwetu, basi, wingu lililotulia huwa kama upepo unaotupiga usoni.

Sasa Dunia nayo inalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde. Mzunguko huo umeinama kuhusiana na mwelekeo wa safari ya Jua, hivyo ni kama nusu tu ya kasi hiyo, kilomita 15 hivi, inayoongezwa au kupunguzwa. Mwanzoni mwa Juni tunakwenda upande mmoja na Jua na upepo unazidi. Mwanzoni mwa Desemba tunarudi nyuma na upepo unapungua. Mwaka 1986 Andrzej Drukier, Katherine Freese na David Spergel walionyesha kwamba kigunduzi kilichozikwa ardhini kinaweza kuona idadi ya migongano ikipanda na kushuka kwa mtindo huo, mwaka hadi mwaka, kilele kikiwa karibu na tarehe 2 Juni. Wazo hilo linapendeza kwa sababu halikutaki ujue chembe yenyewe ikoje. Linakutaka uhesabu kwa uvumilivu.

Kundi la DAMA, likiongozwa na Rita Bernabei, lilihesabu. Tangu katikati ya miaka ya 1990, katika maabara ya Gran Sasso iliyo chini ya mwamba wa mita 1,400 hivi, waliweka fuwele za iodidi ya sodiamu zilizotiwa thaliamu kidogo, kwanza kilo 100 hivi, kisha tangu 2003 kilo 250 hivi. Chembe ikigonga kiini cha atomu ndani ya fuwele, fuwele hutoa kimulimuli cha mwanga, na mirija maalumu huukuza mwanga huo mpaka uweze kuhesabika. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2018 yalijumlisha mizunguko 20 ya mwaka. Wimbi lipo, urefu wake ni mwaka mmoja kamili kwa usahihi wa sehemu moja ya elfu, na kilele chake kiko mwishoni mwa Mei, siku chache tu kutoka pale nadharia ilipotarajia.

Lakini tazama ukubwa wake. Katika nishati za kiloelektronivolti 2 hadi 6 (kiloelektronivolti ni kipimo cha nishati ndogo za chembe), fuwele zile huona kama tukio moja kwa siku kwa kila kilo kwa kila kiloelektronivolti. Wimbi lenyewe ni kama asilimia moja ya hapo. Kwa kilo 250 ni sawa na kusema: siku ya kawaida unahesabu matukio yapatayo elfu moja, na mwanzoni mwa Juni unahesabu kumi zaidi. Hayo elfu karibu yote ni kelele, yaani unururifu (mionzi ya atomu zinazooza) wa kawaida uliomo kwenye fuwele na vitu vinavyoizunguka. Kumi ndiyo habari yenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia amegundua maada ya giza kwa njia hii, anakuambia kwamba anazijua kelele zake kwa usahihi unaozidi asilimia moja, tena kwa miaka ishirini mfululizo. Na hapo hatuwezi kumsadiki kwa neno lake, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Kwa haki yao, hawa si watu wa kubahatisha. Walionyesha kwamba wimbi linatoweka juu ya kiloelektronivolti 6. Walionyesha pia kwamba linaonekana katika matukio yanayogusa fuwele moja peke yake na halionekani katika yale yanayogusa fuwele mbili au zaidi kwa pamoja. Hoja hii ina uzito. Chembe ya maada ya giza hugonga kwa nadra mno kiasi kwamba kuigonga fuwele moja kisha jirani yake ni jambo lisilotarajiwa kabisa, ilhali miale ya gama na nyutroni hufanya hivyo mara kwa mara. Wivu, ndugu yangu, hauna nafasi hapa. Kilichowafanya wengine watie shaka ni kwamba mambo yanayorudi kila mwaka ni mengi kupita kiasi.

Hebu tuyataje machache. Joto hubadilika kwa majira, na mwanga wa fuwele pamoja na vifaa vya umeme huguswa na joto. Gesi ya radoni hupanda na kushuka ndani ya mapango kufuata majira. Maji yaliyomo kwenye mwamba huongezeka na kupungua, na maji hupunguza nyutroni. Halafu kuna muoni, chembe zinazofanana na elektroni ila nzito zaidi, ambazo nadhani zinastahili maelezo kidogo kwa sababu zilisumbua vichwa vingi. Miale ya anga za mbali inapogonga hewa ya juu huzaa chembe ziitwazo pioni. Wakati wa joto hewa ya juu hutanuka na kuwa nyepesi, hivyo pioni nyingi zaidi hupata nafasi ya kuvunjika na kuwa muoni kabla hazijagonga kitu, na muoni zenye nguvu hupenya hadi kwenye mapango. Mwamba wa Gran Sasso hupunguza idadi yao kama mara milioni moja, lakini zinazobaki zina wimbi la mwaka, na kilele chake kiko majira ya joto! Ukisikia hivyo unaweza kudhani kesi imekwisha. Haikwisha. Kilele cha muoni huangukia mwishoni mwa Juni na mapema Julai, si mwishoni mwa Mei, na idadi yao ni ndogo mno kuzaa matukio kumi kwa siku. Maelezo yaliyoonekana ya wazi yalipimwa, yakapungua uzito. Naeleza hili kwa sababu watu husimulia hadithi hii kana kwamba wapinzani walikuwa na jibu tayari tangu mwanzo. Hawakuwa nalo.

Lipo shaka jingine ambalo kwangu lina nguvu zaidi, na halihusu chembe yoyote bali jinsi ya kuhesabu. DAMA walichukua wastani wa kila mzunguko wa mwaka, wakautoa, kisha wakatazama mabaki. Njia hiyo ni salama iwapo kelele zimetulia. Iwapo kelele zinapanda au kushuka polepole mwaka baada ya mwaka, kutoa wastani kwa vipande vya mwaka mmoja mmoja hukuachia umbo la meno ya msumeno, na msumeno wenye jino la mwaka mmoja ukiutazama kupitia takwimu zenye kutawanyika hufanana sana na wimbi la mwaka mmoja. Wazo hilo lilichapishwa mwaka 2020. Baadaye kundi la COSINE-100, nitakalolieleza hapa chini, lilichukua data zake lenyewe, ambazo zina kelele zinazopungua kwa sababu isotopu zinaoza, likazichambua kwa njia ya DAMA. Wimbi la mwaka likatokea mahali ambapo halikuwepo. Ila kilele chake kilikuja karibu upande wa pili wa mwaka. Ili kupata kilele cha DAMA kwa njia hii ingebidi kelele zao ziwe zinaongezeka polepole, na wao wamelikataa jambo hilo. Kwa hiyo hilo si hukumu. Ni onyo kwamba sigma nyingi zinaweza kutoka kwenye hesabu yenyewe.

Sasa swali lako la zenoni. Vigunduzi hivi ni matangi ya zenoni, gesi nzito iliyopozwa hadi kuwa kimiminika. Chembe ikigonga, hutoka mwanga papo hapo, na elektroni zilizong'olewa huvutwa juu ambako hutoa mwanga wa pili. Kwa kulinganisha mianga hiyo miwili unajua tukio lilitokea wapi, na unaweza kubagua kama kilichogongwa ni kiini cha atomu, kama tunavyotarajia kwa maada ya giza, au ni elektroni, kama inavyofanya miale ya kawaida. Fuwele za DAMA hazina uwezo wa kubagua hivyo katika nishati za chini. Jaribio la LZ, lililo katika mgodi wa zamani wa Homestake huko South Dakota, Marekani, lina tani 7 za zenoni zinazofanya kazi, na kwa chembe zenye uzito wa makumi ya protoni limefika mahali ambapo, kama wimbi la DAMA lingetokana na chembe za aina iliyozoeleka katika nadharia, LZ ingeona mafuriko. Tofauti kati ya ukali wa migongano unaohitajika kuieleza DAMA na kile ambacho LZ imekwisha kukikataa ni zaidi ya mara milioni moja. LZ haikuona kitu.

Mbona basi ubishi haukuisha? Kwa sababu zenoni si sodiamu. Kauli kwamba LZ imeikataa DAMA hupita juu ya daraja la dhana: kwamba chembe hugonga viini vyote kwa kanuni ileile, kwamba wingu lina kasi tunazozidhania, kwamba chembe haichagui kiini. Iodini na zenoni ni majirani katika jedwali la elementi, namba 53 na 54, hivyo anayetaka kusema ni iodini iliyogongwa ana kazi ngumu. Sodiamu ni nyepesi zaidi na ina tabia zake. Mwananadharia mwenye ubunifu anaweza kutunga chembe inayoiona sodiamu na kuipita zenoni. Sisemi chembe hiyo ni ya kuaminika. Nasema unyeti peke yake hauwezi kuizuia, kwa sababu kipimo kikali cha kitu kingine hakikanushi kipimo cha kitu hiki.

Njia iliyo safi ni ya kuchosha: jenga kitu kilekile, mahali pengine, kwa mikono ya watu wengine, na uone kama wimbi linarudi. Fuwele zilezile za iodidi ya sodiamu, nishati zilezile, miaka ileile mingi. Ukifanya hivyo huhitaji kujua chochote kuhusu chembe. Ninapoulizwa ni sehemu gani ya hadithi hii ninayoiheshimu kuliko zote, hutaja hii, kwa sababu waliojitolea miaka kumi ya kazi kwa ajili yake walijua kwamba pengine mwisho wake ungekuwa sifuri.

Ugumu ulikuwa kupata fuwele. Iodidi ya sodiamu huja na potasiamu, maana sodiamu na potasiamu ni ndugu katika kemia na kuwatenganisha ni kazi. Katika potasiamu ya kawaida mna kiasi kidogo cha potasiamu-40, ambayo mara nyingine huoza kwa kumeza elektroni yake yenyewe, ikatoa mwale wa gama wa kiloelektronivolti 1,461 na, pamoja nao, nishati ndogo ya kiloelektronivolti 3.2. Mwale wa gama ukitoroka nje ya fuwele, kinachobaki ndani ni zile 3.2, katikati kabisa ya eneo la kiloelektronivolti 2 hadi 6 ambako maada ya giza inatafutwa! Kama ungetaka kubuni mtego wa kumnasa mtafutaji, usingepata ulio bora kuliko huu. Fuwele za DAMA zilikuwa safi mno, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuzifikia.

COSINE-100 walikubali kwamba fuwele zao zina kelele zaidi, wakatafuta dawa. Walizika fuwele 8, jumla kilo 106, katika maabara ya Yangyang nchini Korea Kusini, wakazizamisha ndani ya lita 2,200 hivi za kimiminika ambacho nacho hutoa mwanga kikigongwa. Mwale wa gama wa potasiamu ukitoroka kwenye fuwele unaangukia katika kimiminika, nacho kinamshtaki, na tukio linafutwa. Walianza kuchukua data mwaka 2016 na kumaliza mwaka 2023. Upande mwingine, chini ya milima ya Pyrenees katika maabara ya Canfranc nchini Hispania, kundi la ANAIS-112 liliwasha fuwele 9 zenye jumla ya kilo 112.5 mwezi Agosti 2017.

Matokeo yake? COSINE-100, kwa data za miaka 6.4, hawakuona wimbi, na hawaafikiani na DAMA kwa zaidi ya sigma 3. ANAIS-112, kwa data za miaka 6, hawakuona wimbi, na wanatofautiana na DAMA kwa takriban sigma 4. Maabara mbili, mabara mawili, makundi mawili yasiyotegemeana, na jibu moja. Ukiniuliza mimi naamini nini leo, nitakujibu bila kuzunguka: wimbi la DAMA halitokani na maada ya giza. Ninasema hivyo nikijua kwamba bado hakuna aliyeonyesha linatokana na nini, na hilo linanikera kwa dhati. Dai lililokanushwa bila kuelezwa ni kidonda kilichofunikwa kabla hakijapona.

Kuna mwanya mmoja uliobaki, na mtu mwaminifu lazima autaje. Kiini kikigongwa, fuwele haitoi mwanga wote ambao elektroni yenye nishati ileile ingeutoa. Sehemu kubwa hugeuka joto. DAMA waliipima sehemu inayobaki kuwa mwanga kwa sodiamu wakapata kama asilimia 30. Vipimo vya baadaye kwenye fuwele nyingine vimetoa asilimia 10 hadi 20 hivi. Je, ni tofauti ya vipimo, au fuwele zenyewe zinatofautiana? Kama zinatofautiana, basi kiloelektronivolti 2 za DAMA na kiloelektronivolti 2 za wengine si kitu kimoja, na ulinganisho unahitaji marekebisho. Ndiyo maana nafuatilia sana mradi wa COSINUS, ambao uko Gran Sasso hukohuko. Wao wanaipoza iodidi ya sodiamu hadi karibu na sifuri kamili na kupima joto pamoja na mwanga katika kila tukio. Joto halidanganyi kuhusu nishati, na uwiano wa joto na mwanga unakuambia kama ni kiini kilichogongwa. Hapo mwanya unazibika.

Usidhani DAMA ni peke yao waliowahi kuona kitu. Mwezi Desemba 2009 jaribio la CDMS lilitangaza matukio mawili yaliyofanana na maada ya giza. Wenyewe walisema papo hapo kwamba kelele zingeweza kuzaa mawili au zaidi kwa uwezekano wa asilimia 23, na ndivyo ilivyobaki. Mwaka 2011 jaribio jingine, CRESST, walikuwa na matukio 67 ambayo kelele walizozijua hazikutosha kuyaeleza, kwa zaidi ya sigma 4. Hao wenyewe wakashuku vibanio vilivyoshika fuwele zao, ambavyo havikuwa na uwezo wa kutoa mwanga na kwa hiyo vilikuwa vinaficha kuoza kwa poloniamu kwenye nyuso zake. Wakabadilisha ushikaji, na kufikia 2014 ziada ile ilikuwa imetoweka. Kigunduzi cha thamani kubwa kikapotoshwa na kibanio.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa XENON1T, kigunduzi cha zenoni, tena Gran Sasso. Juni 2020 walitangaza kwamba kati ya kiloelektronivolti 1 na 7 waliona matukio 285 pale walipotarajia 232, kwa kosa la 15 upande huu au ule. Magazeti yalijaa habari za chembe mpya kutoka kwenye Jua ziitwazo aksioni, maana hizo ziliifaa ziada kwa sigma 3.5. Kundi lenyewe liliandika katika taarifa ileile kwamba tritiamu, haidrojeni yenye unururifu, ingeieleza ziada hiyo karibu vizuri vilevile, kwa sigma 3.2. Na ni tritiamu kiasi gani? Chini ya atomu tatu kwa kila kilo ya zenoni. Hakuna kifaa duniani cha kuhesabu atomu tatu katika kilo. Hawakuweza kuthibitisha wala kukanusha, wakalisema wazi.

Kisha wakafanya linalopasa kufanywa. Walijenga kigunduzi kikubwa zaidi, XENONnT, chenye tani 5.9 za zenoni inayofanya kazi. Kabla ya kukijaza walikaa miezi wakiondoa gesi zilizonasa kwenye kuta zake, wakisafisha zenoni kwa mitego inayokamata haidrojeni. Wakapunguza kelele hadi moja ya tano ya zile za awali. Zaidi ya hayo, kwa wiki mbili hivi waliendesha kigunduzi kwa makusudi huku zenoni ikiupita mtego wa haidrojeni bila kusafishwa, ili kama tritiamu ipo ijitokeze. Data wakazifungia wasizione mpaka njia ya kuzichambua ikamilike. Walipofungua, Julai 2022, ziada haikuwepo. Miaka miwili, na dai likapata jibu kutoka kwa walewale walioliibua.

Hilo la kujifunga macho ndilo ningependa ulishike ukitaka kupima dai lolote jipya. Mtu anayejua jibu analolitaka hulipata, hata bila kukusudia: ataondoa tukio hili kwa sababu linaonekana baya, atasogeza kizingiti kile kidogo, na kila uamuzi utakuwa na sababu nzuri. LZ wamekwenda mbele zaidi. Katika data zao, mfumo huchanganya kwa siri matukio bandia yanayofanana kabisa na maada ya giza, na wachambuzi hawajui ni yapi mpaka mwisho. Wao huita kutia chumvi. Katika Kiswahili anayetia chumvi ni yule anayeongeza uongo kwenye habari. Huko mgodini chumvi hutiwa ili uongo usipate pa kuingilia, kwa kuwa mchambuzi anayeona tukio zuri la kutamanisha hathubutu kushangilia wala kulifuta.

Kwa hiyo kesho ukisikia dai jipya, usianze na sigma. Uliza kama kigunduzi kina njia ya kubagua kiini na elektroni, au kinahesabu tu. Uliza kelele zilipimwa au zilikisiwa. Uliza data zilifungwa au la, na kama kuna kundi jingine lenye kitu kilekile linaloweza kurudia. Na kama dai linahusu wimbi la mwaka, uliza nini kinatokea upande wa kusini wa Dunia. Kule majira yamepinduka: joto, radoni na muoni vina kilele chao Desemba na Januari. Upepo wa maada ya giza haujui kusini wala kaskazini. Kilele chake ni Juni kila mahali. Kwa sababu hiyo mradi wa SABRE umepanga fuwele pacha, moja Gran Sasso na nyingine kilomita moja chini katika mgodi wa dhahabu wa Stawell, jimbo la Victoria nchini Australia. Wazo hilo lilitangulizwa na DM-Ice, waliozamisha kilo 17 za iodidi ya sodiamu mita 2,450 chini ya barafu ya Ncha ya Kusini mwishoni mwa 2010. Fuwele zile zilikuwa ndogo mno kutoa hukumu, ila zilionyesha kwamba inawezekana.

Pengine unajiuliza pia kama vigunduzi hivi vya zenoni vinaweza kuona chochote kweli, baada ya sifuri nyingi namna hii. Mwaka 2024 PandaX-4T nchini Uchina na XENONnT walitoa, wakikaribiana kwa muda, dalili za kwanza za nyutrino, chembe nyepesi mno zisizogusana na vitu kwa urahisi, kutoka kwenye boroni-8 inayooza ndani ya Jua, zikigonga viini vya zenoni. Mgongano wa namna hiyo ndani ya tangi unafanana kabisa na ule wa chembe nyepesi ya maada ya giza. Kila kundi lilikuwa na sigma kati ya 2.6 na 2.8. Idadi ya matukio ililingana na ile iliyotarajiwa kutoka kwenye Jua, makundi mawili yalikuwa na matangi tofauti katika milima tofauti, na hata hivyo wote wawili walichagua neno dalili na kuliacha neno ugunduzi.